"Usimaindi": Kitenzi cha Kiingereza katika Kiswahili cha Manzese



1. Utangulizi

Mtu anayeshuka kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa Barabara ya Sam Nujoma hufika Ubungo, akashika Barabara ya Morogoro kuelekea mjini, akapita Shekilango na Urafiki, na mara akawa Manzese. Ni mwendo wa kilomita chache. Hata hivyo, katika taaluma ya Kiswahili mwendo huo umekuwa mrefu kuliko safari ya kwenda Lamu kutafuta miswada ya tenzi. Lugha ya Manzese imezoea kuitwa lugha ya wahuni, na jina hilo limewatosha wengi wasione haja ya kuichunguza.

Mhadhara huu unachunguza kitenzi kimoja tu cha lugha hiyo, nacho ni kumaindi. Uchukuliwe mfano ufuatao, ambao umetungwa kwa ajili ya maelezo lakini una sura ya mambo ya kila siku. Kituoni Manzese, kijana anayeuza maji ya chupa anamkanyaga mguu mama mmoja mtu mzima. Anageuka na kusema, "Mama, usimaindi." Mama anamjibu, "Nisimaindi nini? Sema umenikosea."

Katika maneno hayo machache mna mgogoro mzima. Kijana anaamini kwamba ameomba radhi. Mama anaamini kwamba hajaombwa. Wote wawili wanakijua Kiswahili, na kila mmoja ana haki kwa upande wake. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kumaindi si Kiingereza kilichoharibika, wala si Kiswahili kilichoharibika. Ni kitenzi kamili chenye maana yake mahususi, na kinachomuudhi mama ni maana hiyo, si ugeni wa asili yake.

2. Asili ya kitenzi

Kitenzi mama ni mind cha Kiingereza. Mzizi wake ni nomino ya Kiingereza cha Kale, gemynd, iliyokuwa na maana ya kumbukumbu. Nomino hiyo ni ya ukoo mmoja na neno la Kilatini mens, yaani akili, na neno la Kijerumani Minne, ambalo katika ushairi wa Zama za Kati lilikuwa na maana ya mapenzi. Ukoo wote huo una wazo moja la msingi: jambo kukaa akilini au moyoni mwa mtu. Kitenzi kilipochipuka kutokana na nomino hiyo katika karne ya 14, kilimaanisha kukumbuka na kukumbusha.

Kutoka hapo kilitawanyika. Kule Uskoti kingali kinatumika kwa maana ya kukumbuka. Ireland, mtu anayeangalia watoto wa jirani husemwa kwa kitenzi hichohicho. Katika visiwa vya Karibi kimekwenda mbali zaidi, kikawa na maana ya kulea mtoto, kufuga mnyama, hata kumtunza mtu kwa fedha. Abiria wa treni za chini ya ardhi za London wamekuwa wakionywa kwa kitenzi hiki, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, waangalie pengo lililopo kati ya treni na jukwaa. Nigeria na Ghana, mtu akiambiwa asim-mind fulani, anaambiwa ampuuze, asimsikilize.

Maana inayohusika hapa ni nyingine. Tangu karibu mwaka 1600 kitenzi hiki kilipata pia maana ya kuchukizwa na jambo au kulipinga. Lakini katika Kiingereza maana hiyo ina masharti. Hupenda kukaa katika ukanushi, katika swali au katika kauli ya sharti: mtu husema kwamba hachukizwi, au humwuliza mwenzake kama atachukizwa iwapo dirisha litafunguliwa. Ni nadra kwa Mwingereza kusimulia kwa uyakinishi tu kwamba jana rafiki yake ali-mind, akaishia hapo. Maana hiyo, kwa hiyo, iliishi zaidi katika misemo ya adabu, na mtu aliyejifunza Kiingereza kwa kusikia aliipokea pamoja na misemo hiyo.

Kwa sababu hiyo si Dar es Salaam peke yake iliyokichukua kitenzi hiki kwa upande huo. Katika Kihindi, Kiurdu na Kibengali cha mazungumzo, neno hilohilo huunganishwa na kitenzi chenye maana ya kufanya, na kwa pamoja humaanisha kuona vibaya, kukwazika. Mtu wa Dhaka au Delhi humwomba mwenzake "asifanye mind" kama vile mtu wa Manzese anavyomwomba mwenzake asimaindi. Lugha zilizo mbali namna hiyo zilisikia misemo ileile ya adabu, na kila moja ikavuna humo maana ileile. Mapito ya kitenzi hiki, basi, yana kanuni, wala hayakutokana na uzembe wa vijana wa mtaa mmoja.

3. Umbo na sarufi

Neno la Kiingereza lenye silabi moja limekuwa shina la Kiswahili lenye silabi tatu: ma-i-ndi. Irabu iliyotanuka imegawanywa mara mbili, na mwishoni imeongezwa irabu i kwa kuwa silabi ya Kiswahili haipendi kufungwa kwa konsonanti. Mkazo umehamia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama desturi ya Kiswahili inavyotaka. Baada ya hapo sikio la Mwingereza huenda lisilitambue tena.

Kitenzi kinachoishia na i badala ya a si kigeni katika Kiswahili. Fikiri, rudi, hitaji na safiri vilifungua njia kutoka Kiarabu, na baadaye vikafuatwa na feli, paki, ripoti na deki kutoka Kiingereza. Vyote hivyo havibadili irabu ya mwisho katika ukanushi wa wakati uliopo. Husemwa hakasiriki kutokana na kasirika, lakini hufikiriwa na kusemwa hafikiri kutokana na fikiri, na vivyo hivyo hamaindi kutokana na maindi. Hakuna aliyewafundisha vijana wa Manzese kanuni hiyo kwa kitenzi hiki. Waliifuata kwa kuwa ni kanuni ya lugha yao.

Kitenzi hiki kinapokea viambishi vyote vinavyotarajiwa. Kuna amemaindi, na katika mazungumzo ya haraka ya Dar es Salaam, kamaindi. Kuna kiambishi cha mtendwa, kama katika alinimaindi. Kuna kauli ya kutendana: wale wawili wamemaindiana, hawasemeshani. Kuna kauli ya kutendesha: maneno yake yalimmaindisha.

Jambo la kisarufi lenye uzito zaidi linahusu njeo. Katika Kiingereza kitenzi hiki hutaja hali iliyopo tu. Katika Kiswahili kimeingia kundi la vitenzi kama kukasirika, kununa, kuchoka na kulewa, ambavyo hutaja kuingia katika hali. Ndiyo sababu kiambishi cha hali timilifu, -me-, kinakikaa vizuri sana: amemaindi ni mtu ambaye dakika chache zilizopita alikuwa sawa, likatokea jambo, na sasa hayuko sawa. Kile ambacho katika Kiingereza kilikuwa kauli ya adabu, katika Kiswahili kimekuwa tukio lenye mwanzo. Laweza kusimuliwa, laweza kukanushwa, laweza hata kuzuiwa kabla halijatokea.

4. Mahali pake kati ya visawe

Wapinzani wa neno hili huuliza kwa nini lihitajike, ilhali Kiswahili kina kukasirika, kununa, kususa, kuchukia, kuudhika, kukereka na kuhamaki. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la kisemantiki.

Kununa huonekana usoni na katika ukimya. Mtu aliyenuna hutambulika kabla hajasema neno. Kususa ni kitendo: msusaji huacha chakula, huacha shughuli, huacha kuhudhuria. Kuhamaki ni kuwaka ghafla. Kukasirika ni jina pana la hasira, na halisemi lolote kuhusu uzito wa sababu yake. Kumaindi kuna mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, lazima kuwe na mtu mwingine aliyetenda au kusema jambo. Mtu aweza kukasirishwa na mvua, lakini mvua haimaindiwi. Pili, aliyetendewa amelichukua jambo hilo kuwa ni kukosewa heshima. Tatu, na hili ndilo la kipekee, msemaji analihesabu jambo lenyewe kuwa dogo, au walau linaloweza kupitishwa.

Kipimo chake ni rahisi. Mtu akisema, "Alikasirika kwa sababu nyumba yake ilibomolewa," sentensi imekaa sawa. Akisema, "Alimaindi kwa sababu nyumba yake ilibomolewa," msikilizaji atahisi kwamba msemaji anaifanyia mzaha nyumba ya mwenzake. Lakini, "Alimaindi kwa sababu hakusalimiwa," ni sentensi isiyo na kasoro. Hata anayejisema mwenyewe, "Kwa kweli nilimaindi," anakiri hisia zake kwa namna ya kuzipunguza uzito, kama mtu anayejiandaa kusamehe.

Kitenzi hiki pia kimegawana kazi na kujali. Kiingereza hubeba kwa neno moja maana ya kutunza na maana ya kuchukizwa. Kiswahili kilikuwa tayari na kujali kwa maana ya kwanza. Kikaichukua ya pili tu. "Usijali" humtuliza mwenye wasiwasi. "Usimaindi" humtuliza mwenye kukwazika. Mkopaji aliyechukua kile tu alichokosa hawezi kuitwa mkopaji holela.

Zaidi ya hayo, msamiati wa hasira katika Kiswahili umekuwa ukikopwa kwa karne nyingi. Ghadhabu ni ya Kiarabu, na ilibaki na maana yake. Hasira ni ya Kiarabu pia, lakini kule ilikotoka ilikuwa majonzi na majuto. Hamaki ni ya mzizi wenye maana ya upumbavu. Waswahili waliona kwamba mwenye kuwaka ghafla hutenda kipumbavu, wakalihamisha neno. Leo hakuna anayelaumu hamaki kwa kuuacha ukoo wake. Kumaindi kumefanya safari ya aina hiyohiyo, ila safari yake ni ya juzi na bado ina vumbi miguuni.

5. Manzese na kwingineko

Haidaiwi hapa kwamba kitenzi hiki kilizaliwa Manzese. Kinasikika Temeke, Tandale, Mbagala na Buguruni, na kwa muda mrefu sasa kimesikika pia katika miji mingine ya Tanzania. Manzese imechaguliwa kwa sababu inaonyesha vizuri mazingira yanayolihitaji neno la namna hii.

Manzese ilikua pembezoni mwa Barabara ya Morogoro bila ramani ya mipango miji, ikipokea watu waliokuja mjini kutoka mikoa mingi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilikuwa jirani na kiliwavuta wafanyakazi. Katika miaka ya 1970 eneo hilo liliingizwa katika mradi wa kuboresha makazi uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Likapata barabara na maji badala ya kubomolewa. Kiutawala lilikuwa sehemu ya Kinondoni hadi ilipoundwa Wilaya ya Ubungo katikati ya miaka ya 2010.

Katika makazi ya namna hiyo nyumba moja ya Kiswahili huwa na wapangaji kadhaa, kila mmoja na chumba chake. Ua ni mmoja, choo ni kimoja, bomba ni moja. Mpangaji anayetoka Kigoma na mwenziwe anayetoka Mtwara hawana desturi moja ya utani iliyorithiwa wala ukoo mmoja wa kuwasuluhisha. Makosa madogo ni mengi kila siku: ndoo iliyosogezwa, redio iliyopaza sauti, deni la sahani ya wali kwa mama ntilie. Makosa hayo yakiitwa hasira, watu hawatakaa pamoja. Yakinyamaziwa, yatazaa chuki. Linahitajika neno la kulitaja kosa dogo na kulizima kwa wakati mmoja. "Dada, usimaindi, ndoo nimeisogeza mimi." Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na kitenzi hiki.

Muziki ulilibeba neno na mengine ya aina yake nje ya uani. Katika miaka ya 2000 bongo fleva ilipotawala redio binafsi zilizoanza katika muongo uliotangulia, Manzese ilikuwa na kundi lake, Tip Top Connection, na msanii wake Madee alijulikana kwa jina la Rais wa Manzese. Jina la Tip Top limebaki pia kwenye kituo cha mabasi yaendayo haraka, huduma iliyoanza mwaka 2016. Vijana wa mikoani walijifunza lugha ya mitaa ya Dar es Salaam kwa kuimba, na uchunguzi wa kitaaluma nao haukubaki nyuma kabisa: mwaka 2006 Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha katika jarida la Swahili Forum utafiti mpana kuhusu lugha ya mitaani ya Tanzania.

Matumizi hutofautiana kimahali. Nairobi, ambako Kiingereza ki karibu zaidi na mazungumzo ya kila siku, kitenzi hiki hupenda kubaki na ukanushi wake wa asili: msemaji wa Sheng akisema hamaindi chai, mara nyingi anataka chai. Msemaji wa Manzese akisikia hivyo aweza kujiuliza chai imemkosea nini. Unguja, hasa katika usemi wa wazee, kuhamaki na kughadhibika vingali na nguvu, na anayekosea husema "niwie radhi". Kwa hiyo neno moja, katika masafa ya saa chache za safari, lina maana mbili na pia lina mahali ambapo halijapewa nafasi.

6. Suala la adabu

Hapa ndipo inapofaa kurudi kituoni kwa mama na kijana. Kiswahili kina njia kadhaa za kuomba msamaha. "Samahani", "unisamehe" na "niwie radhi" zote zinakiri kwamba msemaji ndiye mwenye deni, na zinamwachia aliyekosewa uhuru wa kutoa au kunyima. "Pole" haikiri kosa, lakini inayatambua maumivu ya mwenzake. "Usimaindi" haifanyi lolote kati ya hayo. Ni katazo. Linamwelekea aliyekosewa na kumpa kazi: azuie hisia zake. Na kwa kuwa kitenzi chenyewe kinabeba hukumu kwamba jambo ni dogo, msemaji amekwisha kukadiria ukubwa wa kosa lake mwenyewe kabla ya aliyekosewa kufungua kinywa.

Kati ya marika hilo si tusi. Ni ishara ya imani: urafiki wetu ni mkubwa kuliko kosa hili. Kwa mtu mzima, hasa asiyejulikana, ishara hiyo haina msingi, kwa sababu haki ya kusema kwamba jambo ni dogo ni ya aliyetendewa. Mama anaposema, "Sema umenikosea," hatetei usanifu wa Kiswahili. Anadai kurudishiwa haki hiyo. Wanaodhani kwamba wazee hulichukia neno hili kwa ajili ya Uingereza wake hawajawasikiliza vizuri. Wazee haohao husema kuripoti na kupaki bila kukunja uso.

Jambo hili lina athari zaidi ya kituo cha basi. Na ifikiriwe kesi ya wapangaji mbele ya baraza la kata. Shahidi anasema, "Nilimwambia ahamishe jiko, akamaindi." Karani, kwa kutaka lugha safi, anaandika kwamba mlalamikaji alikasirika. Sentensi imesanifiwa, lakini ushahidi umebadilika. Shahidi alitoa maoni kwamba hasira ya mwenzake haikuwa na sababu ya kutosha. Kumbukumbu za baraza zimehifadhi hasira na kuyapoteza maoni. Aliyepoteza hapo ni mtu aliyesimama mbele ya wazee wa baraza akitumia Kiswahili chake, akidhani kwamba kinasikika.

7. Hitimisho

Usanifishaji wa Kiswahili ulianza kwa kuchagua. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikapewa kazi ya kukisimamia. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964 katika chuo cha Dar es Salaam, na tangu 2009 kazi yake imeendelezwa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, kisha 2004 na 2013. Kazi ya kuchagua ilikuwa ya lazima. Lakini kuchagua neno la kufundishia shuleni si sawa na kukataa kulijua neno linalosemwa.

Kitenzi hiki kingeweza kuelezwa katika kamusi kwa maneno machache: *maindi*, kitenzi elekezi na si elekezi, cha mitaani, kuona kuwa umekosewa heshima kwa tendo au neno la mwingine ambalo msemaji hulihesabu kuwa dogo. Maelezo hayo yangemsaidia karani wa baraza, mfasiri, daktari mgeni na mwalimu. Mwalimu hasa angekuwa na la kufundisha zaidi ya kukataza. Angeweza kumwambia mwanafunzi wake kwamba "usimaindi" ina mahali pake, na mahali hapo si mbele ya mtu uliyemkanyaga ambaye hamjuani.

Ikiwa taaluma itashuka kutoka Mlimani kwa nia ya kusikia, itakuta kwamba Manzese inajua sarufi, inajua kukopa na inajua kubagua maana. Itakuta pia kwamba mama wa kituoni na kijana wake hawakuwa wakigombania lugha. Mmoja aliomba jambo liishe, na mwingine aliomba kwanza likubaliwe kuwa limetokea. Kiswahili kina maneno ya kuwatosha wote wawili, mradi wenye kamusi wawe tayari kuyaandika.